Ubao wa Nne na Ubao wa Sita

Zamani za Wadachi, Swedi na mkewe Wema walikaa Rumonge, kando ya ziwa. Swedi alivua ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Wema alikuwa na mimba ya kwanza, naye alitaka kujifungua kwa mama yake, Magara.

Swedi aliunda mashua ya kumpeleka. Fundi wa Ujiji alimpa mbao zilizochongwa tayari, kila moja na alama ya patasi ya kuonyesha nafasi yake. Swedi akazipigilia, akaziba nyufa kwa pamba na mafuta ya mawese.

Asubuhi Wema alipanda na mkeka wake, Swedi akaisukuma. Mashua ilipofika maji ya kifuani, mbao ziliachana.

"Yalaa! Swedi, maji!"

Wema akazama mpaka shingoni. Wanawake walioanika ndagala wakapiga mayowe. Jirani yao Aziza akaingia ziwani na nguo zake, akamtoa Wema. Akamfunika kwa mtandio wake mwenyewe, uliobaki mkavu ufukweni.

Swedi akawafuata ufukweni. "Mutoto anacheza?"

Wema akashika tumbo.

"Anacheza," alisema, akaanza kulia.

Marehemu mume wa Aziza alikuwa muunda mashua, na Aziza ndiye aliyekuwa akimshikia mbao. Akazitazama zile zilizoachana.

"Shemeji, alama hizi ulizisomaje?"

"Nilihesabu mikato. Huu iko na mitatu, na huu mitatu. Nikaona ni sawa tu."

"Mungu wangu! Huu ni wa nne, huu ni wa sita! Umezibadilisha nafasi!"

Akachora mchangani. "I ni moja, II mbili, III tatu. V ni tano. X ni kumi. I ikikaa kulia kwa V, ongeza: VI ni sita. Ikikaa kushoto, punguza: IV ni nne. Hivyo hivyo, IX ni tisa, XI ni kumi na moja."

"Mbona fundi hakuandika kama tulivyosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani?"

"Patasi haipendi kupinda, shemeji. Haya, andika kumi na nne."

Swedi akafikiri. Kwanza kumi: X. Kisha nne: IV. Akachora XIV.

"Ndiyo! Ungejua jana, tusingeoga na nguo."

Swedi akaunda mashua upya. Safari hii aliiacha majini kwanza, tupu. Haikuvuja. Wema akafika Magara mkavu, akazaa mtoto wa kike. Wakamwita Aziza.

Waliporudi, Swedi alichukua patasi akakata I ya mtoto wa kwanza kwenye mwimo wa mlango.

"Mbona umeiweka pembeni kabisa?" Wema aliuliza.

"Nimeacha nafasi upande wa kulia."

"Yalaa!" Wema alisema. "Huyu hata kukaa hajajua!"