Kipande Kilichosubiri Kuitwa

Ramani ya kijiji cha Kibuta ilikuwa imefutika yote. Palipokuwa na mashamba na mipaka, kompyuta ilionyesha weupe mtupu. Nakala ya akiba nayo ilikuwa imefutwa.

"Mhalifu wako huyo hapo, afande," alisema Laurean, mwenye kampuni ya kupima ardhi pale mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, akimnyooshea kidole karani wake Jenifa. "Kabonyeza yeye, ramani ikaondoka. Mfumo umeandika jina lake."

Jenifa akalala mahabusu, mtoto wake anayenyonya akabaki kwa jirani.

Inspekta Efrazia hakupata usingizi. Kesi iliyojileta yenyewe mezani ilimkera kama kokoto kiatuni. Asubuhi akamwita mtuhumiwa.

"Nani alikutuma ufungue?"

"Bosi. Wapimaji walikuwa wanaenda Kibuta, wakataka ramani ichapwe."

"Uliwahi kuifungua kabla?"

"Mimi? Hata siku moja. Hakuna aliyewahi, afande. Naomba nikamnyonyeshe mwanangu."

Efrazia alikwepa macho yake. Alimfuata Latifu, askari wa makosa ya mtandao, aliyekuwa akiipekua kompyuta ya Laurean.

"Mfumo huu una vipande vingi, kila ukurasa wa kijiji na kipande chake," alisema Latifu. "Havijengwi mfumo unapowashwa. Kila kimoja hulala mpaka mtu akiite mara ya kwanza."

"Uvivu gani huo?"

"Si uvivu, mama. Kompyuta yao nyonge. Vingeamshwa vyote kwa mpigo, wangekaa wanasubiri mpaka chai ipoe. Sasa, kipande cha Kibuta kimetiwa amri ya kufuta. Kilikuwa kimelala nayo. Jenifa alikiamsha tu."

Efrazia alirudi kituoni mbio, karibu aache mlango wa gari wazi.

"Jenifa, mfumo huu mlikabidhiwaje?"

"Kama kawaida. Fundi Hemedi, aliyeutengeneza, alifungua ukurasa mmoja mmoja mbele yetu, tuone unafanya kazi."

"Yote?"

"Kasoro Kibuta. Alisema mtandao unasumbua."

"Ulikuwa unasumbua?"

Jenifa alifikiri. "Mbona baada ya hapo alifungua ukurasa wa kijiji cha Janga, na ukafunguka chap?"

Hemedi alipatikana kwao Kibuta, wilayani Kisarawe, alikokwenda msibani. Siku ramani ilipofutika alikuwa hukohuko, mashahidi kibao.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kwa nini hukufungua ukurasa wa Kibuta siku ya kukabidhi?"

"Mtandao..."

"Wa Janga ulifungukaje?"

Hemedi aligeuka. Alitazama nyuma ya nyumba, kwenye makaburi yaliyozungushiwa mawe.

"Ningeufungua, ungefuta ramani mbele yao," alisema. "Bibi na babu wamelala pale. Laurean kayachora makaburi ndani ya kiwanja cha tajiri mmoja. Nilimweleza, akasema makaburi huhamishwa. Wapimaji wangekuja kupanda mawe ya mipaka. Nilitaka wasiwe na cha kuja nacho."

Efrazia alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. Alimfunga pingu.

Kituoni Kibaha, Jenifa alikuwa akitolewa mahabusu. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Hemedi alipomwona alisimama ghafla.

"Dada Jenifa, nisamehe. Wallahi sikujua ni wewe utakayebonyeza."

Jenifa alijifunga khanga kifuani.

"Lakini ulijua kuna mtu atabonyeza," alisema, akatoka kwenda kumchukua mwanawe.