Ikupa Aandika Insha ya Chuo

Majira ya baridi, Ikupa alimpeleka mama yake kazini kwa gari kila alfajiri. Walikaa Brooklyn Park, huko ughaibuni. Mama yake, Laurencia, alifua mashuka hospitalini Coon Rapids. Aliogopa kuendesha gari kwenye theluji.

"Polepole, mwanangu! Breki!"

"Mama, tumesimama. Taa ni nyekundu."

Mwaka 1996 Ikupa aliomba kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Saint Paul, ili aendelee kukaa nyumbani. Chuo kilitaka insha: "Tueleze wewe ni nani." Ikupa aliandika kuhusu zile safari. Mama akimwomba Mungu kwa sauti, naye akijifunza kutulia mwenzake anapoogopa.

Mama alisoma, akakunja uso. "Unawaambia wageni kwamba mama yako mwoga? Andika kama watu wanavyoomba kazi. Nina bidii, napenda masomo, nitashukuru. Basi."

Ikupa alitii. Desemba, chuo kikamkataa.

Jirani yao Keziah alikuwa amewahi kufanya kazi chuoni, akisoma maombi ya wanafunzi wanaotaka kujiunga. Alikuja kunywa chai, akasoma insha zote mbili.

"Mama Ikupa, sijui kwa nini wamemkataa. Alama nazo hutazamwa. Ila hizi za bidii na shukrani nimesoma nyingi mno. Ikupa simwoni humu."

"Kwa hiyo aandike hadithi tu?"

"Inategemea swali. Wakiuliza kwa nini uuguzi, ajibu moja kwa moja. Wakitaka kumjua, aeleze tukio moja la kweli, kisha aseme limemfunza nini. Na asipambe. Theluji isianze kuongea!"

Ikupa alicheka. Mama hakucheka.

"Na huyo mwoga garini?" aliuliza taratibu.

"Mwoga anayekwenda kazini kila siku? Mimi ningependa kumjua."

Saint Paul hawakupokea insha nyingine. Chuo kimoja cha Duluth kilikuwa bado kinapokea. Ikupa akatuma ile ya kwanza, na Aprili akakubaliwa.

Mama alipika pilau, akashangilia. Kisha akaweka mwiko chini.

"Ningekuacha uandike yako, ungebaki hapa."

"Mama, nimepata chuo."

"Umepata, mwanangu. Mbali."

Novemba Ikupa alikuja likizo, akarudi Duluth. Kesho yake theluji ilianguka. Mama aliingia garini peke yake. Kiti kilikuwa nyuma, kwa miguu mirefu ya Ikupa. Alikisogeza mbele, akaomba, akaondoka. Kwenye taa nyekundu alisimama vizuri kabisa.

"Polepole, mwanangu," alikiambia kiti kitupu cha pembeni.

Taa ilipogeuka kijani, akakanyaga mafuta taratibu.