Simu Aliyoikata Ludger

Ludger na mkewe Rolande waliishi Anse-Blanche, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na mto mpana wenye maji ya chumvi. Binti yao Maryse aliishi nyumba ya jirani na mtoto wake Zélie, wa miaka minane. Kila asubuhi Zélie alikuja kwa bibi yake kunywa uji wa shayiri, na Maryse akaenda kazini kwenye kiwanda cha kumenya uduvi.

Ludger alipenda magari. Alipoacha kazi ya kukata miti, alinunua mawili ya aina moja, yote yakiwa yameshatumika. La kijivu lilikuwa lake na Rolande. Jekundu alimpa Maryse. Watu waliyaita mapacha wa Ludger.

Wakati wa baridi barabara za kule humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hula chuma. Kwa hiyo kila vuli, kabla ya theluji, wanaume walipanga magari yao mbele ya banda la Ludger. Yeye alilala chini yake na kuyapulizia mafuta meusi mpaka yakachuruzika. Kisha mwenye gari alipita makusudi kwenye barabara ya vumbi, ili vumbi ligande juu ya mafuta. Jirani yao Clovis alimtania kwamba magari yake yanapakwa mafuta kuliko mtoto mchanga. Ludger alijibu kwamba mtoto mchanga haendeshwi kwenye chumvi.

Vuli moja Maryse alimwambia baba yake kuwa gari lake linagonga nyuma, upande wa kulia, likipita kwenye shimo. Tok. Ludger alisema lake pia linagonga hivyo hivyo. Ni baridi, alisema, chuma chochote hulia kwa baridi. Hata hivyo alichungulia chini. Aliona mafuta na vumbi, tabaka nene, safi kabisa kwa macho yake.

"Chuma chako kimelala kwenye mafuta, binti yangu," alimwambia. "Endesha."

Wiki hiyo hiyo, wakati wanakunywa supu ya njegere, simu ya nyumbani ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, yenye haraka. Alisema anapiga simu ya rapeli, kuhusu magari mawili yaliyoandikishwa kwa jina la Ludger.

Neno rapeli kwa watu wa kule lina maana nyingi. Ukimpigia mtu naye akakupigia tena, hiyo ni rapeli. Na matapeli walikuwa wakipiga simu kila siku, wakiuliza habari za gari, za bima, za benki. Ludger alimkonyeza mkewe.

"Mama, mimi sijakupigia hata mara moja," alisema. "Sasa unanipigiaje tena?"

Akakata simu, akacheka. Rolande naye alicheka. Simu ilipolia tena, Ludger aliinua mkono wa simu na kuurudisha chini bila kusikiliza. Rolande akamwongezea supu.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya ukungu, gari jekundu liliacha njia kwenye kona ya mteremko unaoelekea kiwandani. Likavuka barabara na kugonga mwamba. Maryse alifia pale pale. Zélie alikuwa mezani kwa bibi yake, kijiko mkononi.

Polisi walisema barabara ilikuwa na utelezi. Kijijini watu walisema alikimbiza gari huku ameshika simu. Hakuna aliyemwona, lakini maneno hayo yalizunguka kutoka dukani hadi kanisani, na Ludger akayaamini. Alihitaji mtu wa kumkasirikia, akamkasirikia marehemu.

"Nilimwambia apunguze mwendo," alisema siku ya mazishi.

Aliyasema tena nyumbani. Aliyasema mezani, Zélie akiwa anasikia. Mtoto alishusha uso na kuchezea mkate wake. Rolande alimwomba mumewe aache, hakuacha. Gari jekundu lilivutwa hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu, likabanwa pamoja na mengine. Basi likawa limekwisha.

Zélie alihamia kwa bibi na babu yake. Alikataa kupanda basi la shule. Hakusema kwa nini. Ludger akaanza kumpeleka kila asubuhi kwa gari la kijivu, kupitia kona ile ile. Rolande alisimama dirishani mpaka gari likapotea. Baada ya hapo alikaa kitini. Vyombo vilibaki majini. Moto ulizima jikoni naye hakuona. Mume aliporudi ndipo alipoinuka, na hata hapo aliinuka kwa sababu tu mtu akirudi nyumbani hupewa chai.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Rolande hakuwa na hamu ya kesho. Kilichobaki mkononi mwake ni mtoto yule mmoja, na kila asubuhi alimkabidhi kwa barabara.

Mwisho wa Februari alikutana na Ginette dukani. Ginette alikuwa jirani yao, na tangu mwaka mpya alifanya kazi mapokezi katika gereji ya kampuni, kule mjini, ambako magari ya aina ya mapacha wa Ludger huuzwa na kutengenezwa. Rolande alimpa lifti. Ginette alikuwa akisimulia habari za dada yake anayeolewa kwa mara ya tatu, na jinsi safari hii walivyokubaliana kutonunua zawadi. Gari likaingia kwenye shimo.

Tok.

Ginette aliendelea kuongea. Gari likapita shimo la pili. Tok. Akanyamaza.

"Dada Rolande," alisema, "gari hili limeshaitwa?"

"Limeitwa na nani?"

"Na kampuni iliyolitengeneza, lirudi kurekebishwa kasoro. Limeshafanyiwa rapeli?"

Rolande alikanyaga breki taratibu. Alisogea kando na kusimama mbele ya kanisa, karibu na rundo la theluji. Ginette alifuta kioo cha mbele kwa kiganja. Kwenye kona ya chini, upande wa dereva, palikuwa na namba ndefu iliyochongwa kwenye kibati. Aliisoma moja moja na kuiandika kwenye simu yake. Alingoja. Kisha akaizima simu na kuiweka mapajani.

"Limo kwenye orodha ya yaliyoitwa," alisema.

Alimweleza polepole. Magari ya aina ile yana mkono wa chuma nyuma, unaolishika tairi na kulinyoosha. Katika magari ya miaka fulani, kiungo cha mkono huo kiliunganishwa vibaya kiwandani. Maji ya chumvi huingia ndani yake, kutu ikaanza kula kutoka ndani. Kiungo hupata ufa. Gari hugonga. Na siku mkono unapokatika, tairi hugeuka upande, na dereva akizungusha usukani, gari halimsikii.

"Ludger hulipaka mafuta kila vuli," Rolande alisema.

"Mafuta ni mazuri kwa kutu ya nje. Lakini hayawezi kuponya kiungo kibovu. Na yakigandana na vumbi, ufa unajificha."

"Sisi siyo tuliolinunua likiwa jipya."

"Haidhuru. Rapeli inalifuata gari, haimfuati mtu. Hata likiuzwa mara tano, kampuni inalitengeneza bure."

Rolande alitazama theluji. Alisema kuna mwanamke alipiga simu vuli, nao walimkatia, na walicheka.

"Watu wengi wanakata," Ginette alisema. "Matapeli wapo, siwezi kukulaumu. Ukikata, kata. Lakini baadaye uipigie mwenyewe gereji ya kampuni, uwasomee namba ya kwenye kioo. Watakuambia kama ni kweli."

"Na jekundu?"

Ginette aliigeuza simu mapajani.

"Ginette. Na lile jekundu?"

"Yalikuwa mapacha, dada." Alimshika mkono. "Lakini mimi sijui kilichompata Maryse. Hakuna atakayejua sasa. Gari lenyewe limeshabanwa, halipo. Ninachojua ni hili tulilokalia. Usiliendeshe hata hatua moja."

Waliliacha pale kanisani, wakatembea. Njiani Rolande aliona miguu yake ikienda bila yeye. Alikuwa amejifunza kuishi na utelezi, na hata na maneno ya watu kuhusu simu. Hili hakujua aliweke wapi.

Nyumbani alimwambia Ludger yote. Ludger alisikiliza huku amesimama, kofia kichwani. Akasema Ginette ameanza kazi juzi, anajua nini. Akasema mafuta yake hayajawahi kuachia gari likaoza. Akanyoosha mkono apewe ufunguo, maana kesho mtoto ana shule.

"Sikupi," Rolande alisema.

"Ukilipeleka gari hilo gereji, umesema mimi ndiye niliyemuua."

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo itakavyokuwa. Mimi niliikata ile simu. Mimi nilimwambia endesha."

Rolande alikaa. Miezi yote mumewe alikuwa akisema Maryse alikimbiza gari. Sasa aliona kwa nini alishikilia neno lile kama mtu anayeshikilia tawi juu ya maji. Hakuwa na la kumfariji, wala hakulitafuta. Lilikuwapo jambo moja tu.

"Kesho asubuhi Zélie anapanda lile gari au hapandi?" alimuuliza. "Nijibu hilo. Mengine tutayalia baadaye."

Ludger alichukua tochi na kikwanguo cha rangi, akatoka. Rolande alimfuata hadi kanisani. Alimwona akilala kwenye theluji na kuingia chini ya gari, upande wa kulia nyuma, kama alivyolala chini ya magari ya kijiji kizima. Alisikia kikwanguo kikikwaruza. Mabonge meusi yakaanguka moja baada ya jingine. Halafu kikwanguo kikanyamaza.

Alimngoja. Miguu ya mumewe haikutikisika.

"Ludger?"

"Kinaingia ukucha," alisema kutoka chini. "Ufa. Ukucha wangu unaingia."

Alikaa kule mpaka Rolande akamvuta kwa buti. Alipotoka, uso wake ulikuwa umepakaa mafuta, na hakujifuta.

Asubuhi Rolande aliipigia gereji mwenyewe. Walimsikiliza, wakaisoma namba, wakasema gari lisitembee. Walituma lori la kuvuta. Walibadilisha mikono yote miwili ya nyuma, hawakutoza kitu. Wakati huo Clovis ndiye aliyempeleka Zélie shuleni. Kabla ya hapo Ludger alikuwa amekwenda kwake na kusoma namba kwenye kioo cha gari lake, huku Clovis amesimama mlangoni na soksi tu miguuni akimuuliza kama amekuwa polisi. Gari la Clovis lilikuwa salama. Lakini Ludger hakuishia hapo. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Katika nyumba ya mwalimu mstaafu mlimani alikuta gari lililoitwa, kwa kasoro nyingine, ya breki. Mwenyewe hakujua, kwa sababu alihama na hakubadilisha anwani yake.

Ludger hakutaka shukrani. Watu walipoanza kumshukuru, aliwaambia wapige simu, akaondoka. Na neno lile la kupunguza mwendo halikutoka tena kinywani mwake. Siku moja dukani mtu alitaja simu ya Maryse. Ludger aliuweka chini unga alioushika.

"Usimseme mwanangu," alisema. "Hukuwepo. Na mimi pia sikuwepo."

Usiku hakulala. Rolande alimjua kwa pumzi yake. Wala yeye hakulala. Hawakulaumiana. Walilala macho, kila mmoja upande wake, na kati yao palikuwa na ule mlo wa supu na kile kicheko.

Gari liliporudi, walikwenda wote wawili kumchukua Zélie shuleni. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, maji yakitiririka kando ya lami. Mtoto alipanda nyuma na kufunga mkanda. Alitaka kujua walilifanya nini gari. Rolande alimweleza kama alivyoelezwa na Ginette, kwa maneno mepesi, mkono wa chuma, kiungo, ufa. Zélie alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mlilipa pesa ngapi?"

"Hatukulipa. Ni bure."

Zélie alifikiri. Walikuwa wameukaribia mteremko.

"Babu, na la mama wangelitengeneza bure?"

Ludger hakugeuka. "Ndiyo, mama."

"Ingechukua muda gani?"

Rolande alitaka kujibu yeye, ili mumewe asijibu. Hakuwahi.

"Asubuhi moja," Ludger alisema.

Ludger aliikata kona, mikono miwili ikiwa kwenye usukani. Matairi yaliufuata. Gari lilipita pale kwenye mwamba, likapanda taratibu, likawafikisha nyumbani wote watatu.