Nywila ya Marehemu Mutabazi

Asubuhi ya Alhamisi, Placida aliingia kwenye seva ya chuo akiwa chumbani kwake Omurushaka, akatazama orodha ya walioingia, akakuta jina la Dokta Mutabazi limeandikwa mara mbili.

Moja lilikuwa lake yeye. Tuseme ukweli bila kuzunguka: alikuwa anatumia nywila ya mwalimu wake, aliyokabidhiwa siku mwalimu alipolazwa hospitali, ili amtazamie matokeo ya utafiti. Mutabazi alizikwa kijijini kwake Ndama Jumapili, na binti wa watu hakungoja hata matanga yavunjwe. Seva ile ni ya wote, na kila unapoingia sheria inakukodolea macho: ingia kwa jina lako, la mwenzako usiliguse. Lakini wanafunzi hupewa nafasi finyu na kazi zao hukaa foleni, ilhali za walimu hupita mbele. Na tasnifu ya Placida juu ya mnyauko wa migomba, jasho la miaka miwili, ilitakiwa kesho yake. Asipoileta, harudii mwaka, anafukuzwa. Basi akaihamishia yote kwenye akaunti ya marehemu.

Jina lile la pili halikuonyesha limeingia kwa kompyuta gani.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, na madirisha yamefungwa. Kwenye skrini maneno yakajiandika: Nani amekaa kitini kwangu?

Placida alidhani kuna mtu anamchezea. Akajibu: Acha ujinga, nina kazi. Kifuniko cha laptopu kikashuka kama panga. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vikavunjika kwa mlio wa vijiti vikavu. Kikafunguka chenyewe, kikashuka tena palepale.

Alimpigia Adelard, mtunza seva, kwa mkono uliobaki mzima. Adelard alimsikiliza, akamuuliza kama ana akili timamu, akasema akaunti ile lazima ifungwe sasa hivi. Placida akamlilia amnakilie kazi yake kwanza kwenye flashi. Adelard ana moyo laini. Akakubali, na hapo naye akakosea.

Bodaboda ilipomshusha chuoni, mkono umefungwa kanga, Placida alisikia feni za mashine zikivuma hadi uani, na kadiri alivyousogelea mlango ndivyo mvumo ulivyogeuka kuwa pumzi ya mtu mwenye hasira, mpaka alipousukuma akamkuta Adelard ananing'inia, nyaya zimemzunguka shingo, miguu haigusi sakafu, na kitu kisichoonekana kinambeba na kumgongesha uso kwenye kabati la chuma, kinamrudisha nyuma, kinamgongesha tena, damu na jino vikirukia kwenye meza aliyokuwa akifanyia kazi.

Placida akaruka hadi mezani, akaamuru akaunti ifungwe. Seva ikakataa: Mwenyewe yumo ndani.

"Musika," Adelard alikoroma. "Mpigie musika wake."

Ndipo akili ikamrudia. Huku kwao mtu akifa, hakuna wa kukalia kiti chake mpaka akalishwe musika, yule mrithi. Na aliyekivamia kabla, mrithi ndiye wa kumwondoa. Edith, binti mkubwa wa Mutabazi, alikuwa amekalishwa asubuhi ileile. Placida akampigia, akaweka spika, Edith naye akaweka ya kwake, akakiri kila kitu, waombolezaji wa Ndama wakimsikia.

Edith hakupandisha sauti. "Baba, pumzika. Kiti nimekikalia mimi." Kisha akamwambia Placida: "Na wewe dada, toka."

"Na kazi yangu, Edith? Ni miaka miwili."

"Uliiweka kwa baba bila hodi. Utatoka mikono mitupu. Sema umekubali, watu wasikie."

Midomo ya Adelard ilishakuwa myeusi.

"Nimekubali," Placida alinong'ona.

Nyaya zikalegea. Adelard akadondoka kama gunia la kahawa. Akaunti ikafungwa, pamoja na vyote vilivyokuwamo, na feni zikatulia.

Placida alimfungua shingo, akamlaza kwa ubavu ili asisongwe na damu, akapiga simu zahanati. Alipoinua kichwa akaiona flashi, bado imechomekwa kwenye mashine. Taa yake ilikuwa imetulia. Kazi ilikuwa imenakiliwa yote, hadi ukurasa wa mwisho.

Adelard aliyafuata macho yake. "Iache, mdogo wangu. Umesema mbele za watu."

"Flashi hawakuiona, kaka."

Akaichomoa, akaifumbata mkono wa kulia, akatoka.

Njiani, jua likiwaka, dereva wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Dada, mwambie mzee asogee mbele kidogo. Amekaa nyuma sana, pikipiki inapepesuka."

Placida hakugeuka. Alikaza ngumi. Mkono wa baridi ukaishika ngumi ile kutoka nyuma, taratibu, kama baba anayemnyang'anya mtoto wembe, kidole gumba chake kikaanza kukunjuliwa, kikanyooka, na hakikuachwa hapo, kikazidi kupindwa nyuma.