Taa ya Dawati la Nkwimba

Mwalimu Winfrida Magashi aliandika neno "sehemu" ubaoni, na darasa zima likabadilika rangi. Kila dawati la Darasa la Nne lilikuwa na taa ndogo pembeni, ukubwa wa punje ya hindi, na taa hiyo ilifuata akili ya mtoto aliyekaa hapo. Mtoto akisikiliza, taa ilikuwa ya kijani. Akianza kuwaza uji wa mapumziko, iligeuka njano. Akipotea kabisa iliwaka nyekundu, na hapo mwalimu alijua pa kwenda. Juu darini, vijicho vya kioo vidogo kama vifungo vya shati viliwatazama watoto bila kupepesa, vikipima macho yanaelekea wapi, kichwa kinacheza kiasi gani, mikono inafanya nini. Chombo chote kiliitwa kipimamakini. Katika jiji la Kahama la miaka hiyo, ambako roboti zilifagia barabara na malori yalijiendesha yenyewe hadi migodini, hakuna kitu ambacho wazazi walikisifu kuliko hicho.

Asubuhi hiyo taa zilicheza kati ya njano na kijani, kama kawaida. Moja tu haikucheza. Dawati la Nkwimba, mstari wa mbele karibu na dirisha, lilikuwa kijani tangu kengele ya kwanza. Jana pia lilikuwa kijani, na juzi.

"Mnamwona mwenzenu?" Mwalimu Winfrida aliwaambia wengine. "Hivyo ndivyo mtu anavyosoma."

Nkwimba hakutabasamu. Alikuwa amekunja mikono kifuani, sweta lake la shule limeshonwa kiwiko kwa uzi wa zambarau, macho yake mbele.

Ah, laiti mwalimu angemsogelea! Lakini tusikimbilie huko. Kwanza tuseme alifikaje hapo, maana mama huyu hakuwa mzembe, na anayesema alikuwa mzembe hakumjua.

Tangazo la mafunzo kazini lilipotoka, mwaka mmoja kabla, Winfrida alikosa raha. Alikuwa ameanza kazi enzi za chaki, na chaki ndiyo iliyokuwa ya mkono wake. Walimu waliambiwa wazi: atakayeshindwa kujifunza zana mpya hatarudi darasani, atapelekwa stoo kutunza vifaa. Na Winfrida bila darasa alikuwa nani? Mume alishatangulia mbele ya haki, watoto walishakwenda kuishi miji ya mbali. Akaenda kwenye mafunzo.

Walikusanywa likizo katika ukumbi wa Kituo cha Mafunzo. Walimu vijana walishika vibao vya kioo kana kwamba walizaliwa navyo. Yeye akibonyeza huku, picha inaruka kule. Mwalimu Tungaraza, rafiki yake wa siku nyingi, akamcheka wazi wazi.

"Dada Winfrida, hicho kibao unakipapasa kama mtu anayechagua nyanya sokoni."

"Niache, Tungaraza. Wewe mwenyewe jana si ulisahau nywila yako ukabaki unaangaliana na mashine?"

Mkufunzi wao, Mhandisi Bahame, alikuwa kijana mpole. Hakumcheka mtu. Siku ya tatu akasimama mbele na kuwaeleza jambo ambalo Winfrida hakulitegemea.

"Wazee wangu, msiiogope hii akili mnemba. Haijui chochote. Ni kitoto kichanga. Haijui mtoto anayesikiliza anafananaje. Ninyi ndio mtakaoifundisha."

Akawaonyesha namna. Kwenye ukuta zingepita picha za video, fupi fupi, za watoto wakiwa darasani, nyuso zao zimefunikwa na ukungu ili wasitambulike. Kila mwalimu angebonyeza kitufe: kijani kama mtoto anasikiliza, chekundu kama hasikilizi. Akili mnemba ingekusanya majibu yote, ikachukua lile lililosemwa na walimu wengi, na kulifanya kuwa sheria yake.

Ala! Kumbe ni hili tu? Winfrida akapata nguvu. Katika maisha yake yote hakuna alichokijua kuliko hicho. Mtoto anayesikiliza ametulia, amekunja mikono, amefunga mdomo. Nani kati yao hakulelewa hivyo? Nani hakuingia darasani akasema, "Kimya! Kunja mikono!" na akaridhika alipoona mistari imenyooka? Picha zikapita. Aliyetulia, kijani. Anayegeukageuka, anayegonga penseli, anayemnong'oneza jirani, chekundu. Ukumbi mzima ulibonyeza kama mtu mmoja, na Winfrida ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, hadi Bahame akasimamisha kazi apigiwe makofi. Alipiga picha na cheti chake akawatumia wanawe wote. Jamani, alifurahi mama yule.

"Sasa neno la mwisho," Bahame alisema siku ya kuagana. "Mkirudi darasani, msiwaangalie watoto, angalieni taa. Jicho la binadamu linachoka, tena lina upendeleo. Wa mbele ataonekana, wa nyuma atasahaulika. Taa haimsahau mtu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimwingia.

Muhula ulipofunguliwa, mwanamke mmoja fundi wa nguo alimleta binti yake mwenyewe mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Huyu ni Nkwimba. Ana selimundu. Ile tiba mpya ya kubadilisha damu ipo hospitali kubwa, tumeandikishwa, tunasubiri zamu yetu. Nakuomba kitu kimoja tu, mwalimu. Mtoto huyu anaongea kama cherehani, utamchoka mwenyewe. Lakini akiumwa halii. Ananyamaza. Ukimwona amenyamaza, usingoje. Nipigie."

"Nimekusikia, mama Nkwimba. Toa wasiwasi. Akiwa hapa ni wangu."

Na mwanzoni alikuwa wake kweli. Winfrida alikuwa na desturi ya miaka mingi: kila asubuhi watoto walipanga mstari mlangoni wakinyoosha mikono, naye akakagua kucha, akiushika mkono wa kila mmoja. Watoto walijua ni ukaguzi wa usafi. Yeye mikono ile ilimwambia mengine: nani amekuja na njaa, nani ana homa, nani amelala akilia. Vidole vya Nkwimba vikiwa baridi, alimpa maji ya kunywa, akamkalisha kwenye jua na kumpigia mama yake. Mama alifika na mkoba wa dawa, na kesho yake cherehani ilikuwa inanguruma tena.

Lakini kipimamakini kilipima dakika vilevile, na dakika za mlangoni kiliziita muda uliopotea. Bahame alipopita kukagua, alimwambia kwa upole, "Mwalimu, darasa lako lingekuwa la kwanza jiji zima, kama si pale mlangoni." Winfrida akawaza, akaona hata hivyo kucha si somo. Akaacha. Asubuhi ya kwanza mikono ilibaki imenyooshwa, watoto wakamshangaa. Wiki iliyofuata waliingia moja kwa moja na kukaa, na yeye pia akazoea.

Tabu ilikuwa kwa Nkwimba. Taa yake haikutulia. Mara alieleza habari ya paka wa jirani katikati ya hesabu, mara aligeuka nyuma kuazima ufutio asiouhitaji, na taa ikawaka nyekundu ikilivuta darasa zima chini.

"Nkwimba! Taa!" Winfrida alikemea kutwa nzima. "Hebu tulia, mwanangu. Mbona wenzako wanaweza?"

Kwa hiyo alipotulia, mwalimu wake alidhani amesikia. Mnaona hapo? Alidhani mtoto amebadilika, akamshukuru Mungu, akaishukuru na mashine.

Ijumaa ya wiki hiyo kipimamakini chenyewe kilimtangaza Nkwimba kuwa Nyota ya Makini ya wiki. Jina likang'aa ubaoni. Mtoto akasimama taratibu, ameegemea dawati kwa kiganja, akaja mbele. Winfrida akambandika beji kwenye sweta.

"Unajisikiaje, Nyota wetu?"

"Vizuri, mwalimu."

Watoto wote husema vizuri. Sauti ilikuwa ndogo, na kitu kilimgusa Winfrida rohoni, kama mtu aliyesahau jiko linawaka nyumbani. Akamtazama. Akataka kuushika ule mkono. Lakini nyuma kabisa taa moja ikawaka nyekundu, naye akaenda nyuma, kama alivyofundishwa.

Kengele ya uji ilipolia, darasa lilitoka kwa kelele. Winfrida alikuwa anafunga mlango alipoona taa moja ya kijani bado inawaka, na nyuma yake mtoto amekaa peke yake, mikono kifuani.

"Nkwimba, nenda ukanywe uji, mama. Umeshasoma ya kutosha leo."

Kimya. Akamwendea, akaushika mkono. Ulikuwa baridi, vidole vimevimba, na haukuwa umekunjwa hata kidogo. Mtoto alikuwa amejishikilia mbavu. Alikuwa anavuta pumzi ndogo ndogo, kwa hesabu, akiogopa kuzimaliza. Taa ikaendelea kuwa ya kijani. Ikazimika Winfrida alipombeba kumtoa kwenye kiti, akipiga kelele ambayo shule nzima iliisikia.

Nkwimba alifariki kesho yake hospitalini. Zamu ya ile tiba ilikuwa haijafika.

Msibani, wanawake walimpa Winfrida nafasi mkekani karibu na mfiwa, maana ndiye mwalimu. Mama Nkwimba hakulia. Alikuwa na lile sweta mapajani, beji bado iko juu yake.

"Mwalimu," alisema, "alinyamaza?"

Winfrida angeweza kusema mengi.

"Alinyamaza, mama Nkwimba. Wiki nzima."

"Na wewe ulimwona?"

"Niliona taa."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei asiyoiweza. Hakutukana, hakufukuza mtu. Akalikunja lile sweta, akaligeuza ili beji isionekane. Winfrida alitamani angetukanwa.

Wataalamu walikuja shuleni, wakakifungua kipimamakini, wakakikagua na kukifunga. Hakikuwa na hitilafu. Kilifanya kama kilivyofundishwa. Wenzake walipumua waliposikia hivyo. Winfrida alikwenda nyuma ya madarasa akakitazama kidole chake cha shahada, kile kilichokuwa chepesi kuliko vyote ukumbini, akalia hadi Tungaraza alipokuja kumshika bega.

Likizo iliyofuata walimu wa wilaya nyingine waliletwa Kituo cha Mafunzo. Utaratibu ulitaka mwalimu wa darasa lililofanya vizuri awaongoze siku ya vitufe, na kwa mujibu wa takwimu mwalimu huyo alikuwa Winfrida. Bahame alimpigia simu mwenyewe.

"Mama, usije kama hutaki. Nitawaambia unaumwa."

"Nitakuja. Na Tungaraza nitakuja naye."

Ukumbi ulijaa. Picha zikaanza kupita ukutani, safari hii zilizochukuliwa na vijicho vya madarasa ya jiji, nyuso katika ukungu, na walimu wageni wakabonyeza kwa bidii. Chekundu, kijani, kijani. Kisha akatokea mtoto mmoja mstari wa mbele, karibu na dirisha, amekunja mikono kifuani, hatikisiki. Uso haukuonekana. Kiwiko cha sweta lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa zambarau.

Ukumbi mzima ukabonyeza kijani.

Winfrida alishika meza.

"Isimamishe hiyo picha, Bahame."

Bahame akaitazama, akaelewa, rangi ikamtoka. Akaisimamisha.

"Walimu wenzangu," Winfrida alisema, "huyu mtoto anafanya nini?"

"Anasikiliza," walijibu kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Mmejuaje?"

"Si ametulia, mwalimu?" dada mmoja kijana alisema. "Natamani wangu wangekuwa hivyo."

"Nami nilitamani. Anaitwa Nkwimba. Hapo anaumwa, na anaogopa kupumua kwa nguvu. Mama yake aliniambia nimwangalie, nami nilikaa hatua chache kutoka kwake wiki nzima nikimsifu. Amekufa. Mashine haikukosea. Tuliifundisha sisi, na mwalimu wake mkuu nilikuwa mimi."

Ukumbi ulikuwa kimya, wote wametulia vitini, na kimya kile kilimtia hofu. Akakivuta kibao chake, akabonyeza kitufe chekundu. Sauti tulivu ya akili mnemba ikajaza ukumbi:

"Jibu lako linatofautiana na la walimu wengi. Halitahesabiwa."

Akabonyeza tena. Sauti ikarudia maneno yaleyale, kwa adabu ileile. Kutoka mstari wa nyuma Tungaraza akabonyeza, akajibiwa hivyo hivyo. Yule dada kijana akafuta macho kwa mkono wa blauzi, akabonyeza. Halitahesabiwa. Bahame hakuondoa picha. Mtoto alibaki pale ukutani na uzi wake wa zambarau, na Winfrida akasimama mbele yake, uso ameuelekeza kwa ukumbi, akiwatazama walimu mmoja mmoja, akiwasubiri wawe wengi.