Sauti ya Maji Tumboni mwa Dahir

Kule Masalani, jua la mchana likikaza, hata mbuzi hunyamaza. Ni katika kimya hicho Hodo alisikia. Mumewe, Dahir, aligeuka kwenye mkeka, na kitu ndani yake kikalia. Chubwa, chubwa. Kama jerikani iliyojaa nusu. Na Dahir hakuwa amekunywa kitu tangu asubuhi.

"Umesikia?" Hodo akauliza.

"Nasikia kila siku. Kuna mtu anatembea huku ndani."

Basi huyo Dahir alikuwa amekonda, kikoi kinamteleza. Akila anatapika, na anachotapika ni chakula cha jana, wali vilevile ulivyoingia. Mzee Mahat, tabibu wa kienyeji, alimchoma tumboni kwa kijiti cha moto, maana wazee husema ugonjwa na moto havikai nyumba moja. Vidonda vikapona, sauti ikabaki. Majirani wakasema ni jini anakunywa humo. Hakuna aliyekuja tena kunywa chai kwa Hodo.

Hodo akamwita Kagendo, nesi wa zahanati. Kagendo akamshika Dahir kiunoni, akamtikisa, akatega sikio.

"Sista, ni jini?"

"Mama, jini ana haja gani na wali wa jana? Mlango wa kutokea tumboni umeziba. Mpeleke Garissa leo."

Hospitali ya Garissa wakamshushia mpira wenye kamera kooni, wakachukua kipande kidogo cha nyama ya tumbo, wakapima. Wakampiga picha pia. Ilikuwa saratani ya tumbo, na imeshafika kwenye ini.

Daktari wa upasuaji, Idil, mtu wa Wajir, akamwita adeer, kama mtu anavyomwita baba mdogo.

"Msinipasue," Dahir akasema. "Hewa ikiingia, ugonjwa inaamka."

"Adeer, hewa haiamshi kitu. Imeshaenea. Ungekuja mapema tungejaribu kuitoa yote. Sasa sitakudanganya, haitoki yote. Nitafungua njia ingine, chakula ipite kando. Halafu dawa, ipunguze mwendo yake."

"Kwa hivyo sitapona."

"Lakini utakula."

Dahir akamgeukia mkewe. "Hata ile anjera yako ngumu?"

"Hata hiyo," Hodo akasema, machozi yakimlenga.

Dahir akapasuliwa, kisha wakarudi nyumbani. Dahir akawa anakula kidogo kidogo, mara nyingi, na chakula kinakaa. Mzee Mahat akaja bila kijiti. Akashika kifua chake mwenyewe.

"Chakula ikianza kukwama, mtu anangoja?"

"Hangoji," Dahir akasema. "Mimi nilingoja."

Hodo akavaa shungi lake, akampeleka mzee kwa Kagendo.

Aliporudi, mbuzi walikuwa wamenyamaza. Akaweka sikio tumboni mwa mumewe. Kimya. Halafu, ndani kabisa, kitu kikanguruma.

"Yule jini amerudi?" akanong'ona.

"Hapana," Dahir akasema. "Hiyo ni njaa."