Mwanangu Aliniita Shangazi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mkazi wa Bondeni hapa Nakuru, na kazi yangu ni kushona nguo. Mguu wangu wa kushoto haufanyi kazi. Ulinyauka nikiwa mtoto mdogo, baada ya homa kali iliyonishika kwenye shamba la mzungu karibu na Rongai, ambako baba yangu alikuwa mpishi. Tangu hapo natembea kwa mkongojo.

Nilizoea mengi. Sokoni, wanawake wenye mimba wakiniona hutema mate kifuani, wasije wakazaa mtoto kama mimi. Hata askari wa Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, waliosimamisha kila mtu njiani na kumhoji, mimi walinipungia mkono nipite. Nilionekana si mtu wa kutosha hata kushukiwa.

Kwa hivyo Rashidi aliponiposa, nililia kwa furaha. Alikuwa karani katika ghala la mahindi, mtu wa maneno ya upole. Mama yangu alimwuliza kama ameniona vizuri ninavyotembea.

"Nimemwona, mama," alijibu. "Namtaka hivyo hivyo."

Tukaoana, tukapata mtoto wa kike, Zuhura. Kama kuna miaka niliyoishi kwa raha duniani, ni ile.

Kisha mume wangu akapandishwa cheo. Tukahamia nyumba nzuri zaidi, na wakubwa wa kazini wakaanza kututembelea. Siku ya kwanza aliniambia taratibu, "Mama Zuhura, leo pumzika chumbani. Wageni nitawaandalia mimi." Niliona ni huruma. Nikaingia, nikafunga pazia.

Ikawa kila wageni wakija, naingia chumbani... Siku moja mkongojo ulinianguka sakafuni. Mgeni akauliza kuna nani huko ndani. Nikamsikia mume wangu akijibu bila kusita, "Ni dada yangu. Ni mgonjwa, tunamsaidia tu."

Wageni walipoondoka nilimwuliza kwa nini amenikana. Alisema eti nisilichukulie jambo dogo kuwa kubwa, watu wa cheo wana midomo. Tangu siku hiyo akamfundisha mtoto kwamba mbele ya watu mimi ni shangazi. Tukiwa peke yetu, mama. Mtoto wa miaka mitano angejuaje kwamba huo si mchezo?

Zuhura akaanza shule. Siku moja wazazi waliitwa kuwasikiliza watoto wakisoma. Rashidi alisema ana kazi ghalani na kwamba mimi nisijisumbue. Nilijisumbua. Nilivaa gauni nililojishonea, nikaenda polepole hadi shuleni, nikaketi nyuma kwenye nyasi. Mwanangu alisoma vizuri hata watu wakampigia makofi, nami nikapiga kuliko wote.

Baadaye mwalimu wake alimshika mkono akamleta kwangu. Akamwuliza, "Zuhura, huyu ndiye mama?"

Mtoto aliutazama mkongojo wangu, akawatazama wenzake, kisha akainama. "Huyu ni shangazi," akasema.

Wenzangu, mngefanya nini? Kama ningesema kweli, mwanangu angeonekana mwongo mbele ya darasa zima. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu. Mimi ni shangazi yake."

Njiani alitangulia mbele, nami nikamfuata kwa mkongojo.

Nilipomweleza mume wangu, nilidhani ataona haya. Aliniambia mtoto amefanya vyema, maana amejikinga asichekwe. Haukupita muda akaoa mke wa pili, mrefu, mwenye miguu yote miwili, na huyo ndiye aliyekaa na wageni sebuleni. Mbele yao Zuhura akaamriwa amwite mama.

Hapo ndipo niliposhindwa. Niliomba talaka, nikachukua cherehani yangu ya mkono, nikapanga chumba hapa Bondeni. Mtoto nilinyimwa. Baba yake alisema kiwete hawezi kulea.

Lakini Zuhura huja kwangu akitoka chuoni kusoma Kurani. Hula, hucheza na vipande vya vitambaa, huenda zake. Wiki iliyopita aliacha kula akaniuliza, "Nikuite nani mbele ya watu?"

Nilitaka kumwambia mengi juu ya baba yake. Nikajizuia. Nikamwambia, "Niite vile unavyoniita ukiumwa."

Alilia sana. Nilimpakata mpaka akanyamaza. Bado hajaniita mama mbele ya mtu yeyote. Namngojea, na simlaumu, kwa sababu aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa.

Ndugu zangu mlio na mtu kama mimi nyumbani, msimfiche. Mtoto anaona ni nani anayefungiwa mgeni akija, na anajifunza kabla hamjamwambia chochote.

Nawe mwenzangu mwenye kilema, nakusihi. Siku ya kwanza utakayoombwa uingie chumbani kwa sababu kuna wageni, hata ukiombwa kwa sauti tamu, kataa. Keti hapo hapo sebuleni uwasalimie. Mimi niliingia kwa sababu niliombwa kwa upole, na nilipotaka kutoka, nilikuta mtoto wangu amekwisha kupewa mama mwingine.